Upinde Hauchaguliwi kwa Macho

Jumamosi moja mwaka jana nilienda Maasai Market, ile ya pale kwa maegesho ya Mahakama Kuu, kununua upinde. Sikuwa natania. Nilikuwa na elfu tatu mfukoni na sababu nzuri. Muuzaji alinipa upinde uliopakwa rangi nyekundu, umezungushiwa shanga katikati, pamoja na podo ndogo yenye mishale mitatu. Nikauvuta. Kamba yake ya katani ikalegea kama ya kuanikia nguo. Nikamwuliza kama unaweza kurusha mshale. Akanitazama vile unavyomtazama mteja anayeuliza kama ndovu wa kwenye picha anaweza kutembea.

"Buda, hii ni ya ukuta," akasema.

Sababu yangu ilikuwa babu. Kama umekulia Nairobi, hasa Eastlands, lazima umewahi kumwona soja wa usiku mwenye koti zito, tochi mkononi na upinde begani. Watoto tulikuwa tukiwaogopa kuliko polisi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alilinda godauni Industrial Area kwa miaka mingi, na silaha yake ilikuwa upinde aliotoka nao kusini mwa Kitui akiwa kijana. Alipoaga dunia mwaka 2009, upinde ulibaki kwa susu, umeegemezwa nyuma ya kabati. Mwaka juzi tukihamisha vitu vya susu aende kuishi na shangazi, tukakuta mchwa wamekwisha kuula kutoka ndani. Nilipouinua ukakatika vipande viwili, na unga ukamwagika sakafuni. Kilichosalia kizima ni podo na mishale minne.

Nikaamua kununua mwingine. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Ilinichukua miezi minne na ikanifikisha Mutomo.

Kutoka Nairobi unapanda matatu hadi Kitui mjini, halafu unatafuta nyingine ya kuelekea kusini. Baada ya Mutomo kuna Ikutha, baada ya Ikutha mwitu unaanza kukaza, na ng'ambo ya mwitu huo ndiko Tsavo. Jamaa wa upande wa susu alinipeleka kwa mzee ambaye bado anachonga. Simtaji jina, ana umri wa kutosha kuwa na sababu za kutopenda wageni wanaouliza habari za pinde.

Swali lake la kwanza lilikuwa fupi. "Unataka kuua nini?"

"Hakuna, mzee."

"Basi unataka fimbo."

Nilimweleza habari za babu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nikae. Akanishika bega la kulia akalibonyeza kwa kidole gumba, kama mama anayechagua parachichi sokoni. Akanyosha mkono wangu wa kushoto, akanivuta kiwiko, akaguna. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la Maasai Market. Mimi nilikuwa nimeenda kuangalia upinde. Kumbe kwa kawaida anayeangaliwa kwanza ni mnunuzi.

Upinde hupimwa kwa mkono utakaouvuta. Kijana huanza na mdogo wa kulengea ndege, mkono ukikomaa anapewa mzito zaidi, na kadhalika hadi afike ule wa kazi. Ukipewa uliokuzidi nguvu, utavuta nusu, mshale utatoka mlegevu, na mnyama atakimbia na jeraha. Ukipewa mwepesi mno, utavuta kupita mwisho wake na mti utapasuka usoni pako. Hakuna upinde bora kwa watu wote.

Baada ya mkono kuna mti. Mzee hutumia mkone, mti mdogo wa nyika wenye matawi yanayonyooka na yasiyokatika ovyo. Fito hukatwa likiwa halina vifundo, kwa sababu kila kifundo ni mahali ambapo upinde utaanzia kuvunjika. Halikaushwi juani, hutundikwa juu ya meko, moshi ulikaushe polepole, wiki baada ya wiki, na wadudu waliogope. Halafu linachongwa, nene katikati na jembamba kwenye ncha. Kisha kuna kukunja. Alinipa mmoja uliokwisha kuchongwa, akaniambia niukunje huku nikiutazama kuanzia nchani. Pande mbili zikikunjika sawasawa, umepona. Upande mmoja ukiwa mkaidi, ule mwingine unabeba kazi ya wote wawili, na siku moja utachoka.

Mwisho ni kamba, ambayo Kiswahili kinaiita upote. Zamani ilisokotwa kwa kano za wanyama, na za twiga zilisifiwa sana. Siku hizi ni nailoni. Upote huondolewa upinde ukipumzika, kwa maana upinde unaolala umekunjwa huzoea kukunjwa, na nguvu yake inaisha bila mtu kuitumia.

Nataja maneno haya makusudi. Upote ni kamba. Podo, au ziaka, ni mfuko wa mishale. Wano ni mti wa mshale. Kigumba ni ile ncha ya chuma. Yote yamo katika kamusi zetu, hayajaenda popote. Ni sisi tuliohama. Na kabla ya kusema upinde, Kiswahili kilisema uta. Kikamba kinasema hivyo hivyo, na Kikuyu pia. Wataalamu wa lugha wanalirudisha neno hilo hadi kwa lugha mama ya Kibantu, maelfu ya miaka nyuma, kabla hajakuwepo mtu wa kuitwa Mkamba au Mswahili.

Shuleni tulikutana na uta mara moja tu, katika kisa cha Fumo Liyongo. Kama ulifanya Kiswahili sekondari unamkumbuka: mfano wa mighani, unaandika sifa zake, unapata alama zako, unaenda zako. Lakini hebu kirudie kisa chenyewe. Watu wa msituni waliotumwa na mfalme wa Pate kumuua walipanga kila mtu apande mkoma kwa zamu kuangua matunda, wamfume Liyongo zamu yake ikifika. Yeye hakupanda. Alisimama chini akaangua makoma kwa mishale. Na alipochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, alienda kisimani akapiga goti, akavuta uta, akafa vivyo hivyo. Watu walikaa siku kadhaa bila maji wakidhani yu hai. Shujaa mkuu wa fasihi ya pwani yetu ni mpiga mishale, na sisi tunapita pembeni ya uta wake kama kwamba ni pambo la mavazi.

Sasa tuingie Tsavo.

Kusini na mashariki ya nchi ya Wakamba, kuelekea Mto Galana hadi nyuma ya Malindi na katika nyika za Taita Taveta na Tana River, wanaishi Waata. Huenda umesoma habari zao chini ya majina mengine: Waliangulu, Wasanye. Hayo ni majina ya majirani na ya maofisa. Bara, wawindaji wengi waliitwa Ndorobo, neno linalotoka kwa Kimaasai na maana yake ya asili ni mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Chunguza majina ya wawindaji wa Kenya utaona wengi wameitwa kwa kile ambacho hawana. Waata wanazungumza lugha ya jamii ya Kioromo, na walichokuwa nacho ni upinde ambao haukuwa na mfano katika nchi hii.

Upinde wa Mwaata wa kuwindia ndovu ulikaribia urefu wa mtu. Nguvu ya upinde hupimwa kwa uzito unaohitajika kuuvuta hadi mwisho, na huu ulipita ratili 100, takriban kilo 45. Ni kama kuinua mfuko wa saruji kwa vidole vitatu, ukautuliza hapo shavuni, ukalenga, na mbele yako kuna ndovu aliye hatua chache tu. Wanaume wanaoshindana kwenye Olimpiki huvuta ratili 45 hadi 50 hivi. Ukitaka wa kulinganisha naye, nenda Uingereza. Meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII, Mary Rose, ilizama mwaka 1545 ikaopolewa 1982, na ndani yake zilipatikana pinde zaidi ya 130. Wataalamu walikadiria nguvu zake kuwa kati ya ratili 100 na 185. Waingereza wamejenga jumba zima la makumbusho kwa ajili ya meli hiyo, na watoto wao hupelekwa kuziona pinde hizo.

Lakini hata upinde mzito namna hiyo hauangushi ndovu peke yake. Kazi ilimalizwa na sumu.

Mti wenyewe unaitwa msunguti, au mchungu. Wakamba wanauita kivai. Ukipita karibu nao hutashtuka, ni kichaka tu chenye majani magumu na maua meupe yanayonukia vizuri. Sumu yake haikutengenezwa na kila mtu. Kulikuwa na mafundi, wengine wao Wagiriama, waliochemsha na kuuza, na mwindaji aliinunua kama vile mkulima anavyonunua mbegu: kwa kumwamini muuzaji, lakini akijaribu kwanza. Jaribio lilikuwa hivi. Mtu alijikuna mkononi damu ichuruzike, kisha akaigusisha sumu kwenye ncha ya ule mchirizi, mbali na jeraha. Sumu nzuri ilipanda na damu ikiigeuza nyeusi. Aliyekuwa akijaribu aliipangusa kabla haijafika juu. Kutojua wakati wa kupangusa lilikuwa kosa la mara moja tu.

Sumu ilipakwa nyuma ya kigumba, ikafungwa kwa ngozi laini isikauke na isimguse mwenyewe. Kuna panya mmoja wa nchi hizi, mkubwa na mwenye manyoya marefu, ambaye wanasayansi walithibitisha mwaka 2011 kwamba hutafuna magome ya mti huo huo na kujipaka mate yenye sumu ubavuni, ili mbwa akimuuma ajute. Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tanganyika, alikuwa mmoja wa watafiti hao. Wawindaji wetu walikuwa na mwenzao msituni.

Kemia yake ilienda mbali zaidi ya Tsavo. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga kiini cha sumu hiyo, kikapewa jina ouabain, kutoka neno la Kisomali waabaayo. Kwa kipimo kidogo kabisa, Wazungu walikitumia kutibu moyo uliochoka. Kinachofanya ni kuziba pampu ndogo iliyo kwenye ngozi ya kila seli, ile inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Moyo hukaza, hukaza zaidi, halafu husimama. Pampu hiyo iligunduliwa na Mdenmaki Jens Skou mwaka 1957 akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa, na miaka michache baadaye ouabain ikamsaidia kuthibitisha alichokiona. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Ushike huo mwaka wa 1957. Tutaurudia.

Mtu asije akafikiri kwamba upinde wa ndovu ulikuwa wa kutafutia kitoweo peke yake. Katika karne ya 19 Wakamba waliongoza misafara ya pembe hadi Mombasa. Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa wa enzi hizo, ndiye aliyemkaribisha Krapf mwaka 1849, na ni katika safari hiyo Krapf aliuona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na Mto Tana, msafara wake uliposhambuliwa. Pembe zilitoka Mombasa na Unguja zikavuka bahari. Nyingi zilienda hadi Connecticut, Marekani, kwenye miji midogo kama Deep River na Ivoryton, zikakatwa vibao vyembamba vya kufunika vitufe vya piano. Kwa hiyo kijana wa Ikutha aliyekuwa akichagua upinde mzito alikuwa, bila kujua, anawekeza katika biashara ya muziki wa sebuleni huko ng'ambo. Alipata shanga, nguo, na mbuzi wa kuposea.

Kisha serikali ya kikoloni ikaja na sheria za wanyama. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Hadi safari yao inaisha huko juu ya Mto Nile, wawili hao walikuwa wameua wanyama 512. Aliandika kitabu, akasifiwa. Mwenye leseni na bunduki aliitwa mwindaji. Mwenye upinde aliitwa jangili. Wanyama walikuwa wale wale.

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, zaidi ya kilomita mraba 20,000 ukijumlisha mashariki na magharibi. Kwenye ramani ilionekana tupu. Humo ndimo Waata walimokuwa na mapito na visima vyao, na ndimo Wakamba wa kusini walimokuwa wakishuka msimu wa kuwinda. Kati ya 1956 na 1957, David Sheldrick, mkuu wa mbuga ya mashariki, pamoja na Bill Woodley na wenzao, waliendesha operesheni kali dhidi ya wapiga mishale. Askari waliingia vijijini, watu wakashikwa, pembe zikafukuliwa. Wawindaji mashuhuri kama Galogalo Kafonde walitafutwa kama majenerali wa adui. Majina yao yamebaki katika vitabu vya Wazungu wa enzi hiyo, na yameandikwa kwa heshima ya ajabu, heshima ya mtu anayemsifu simba baada ya kumfungia. Operesheni ilifaulu. Kwa miaka michache tu, upinde wa ndovu ulikuwa umenyamaza.

Ilifaulu vipi? Hapa ndipo mishale ya babu inapoingia.

Nilikuwa nimeibeba Mutomo, ile minne iliyosalia. Mzee aliitoa kwenye podo mmoja mmoja, akaipapasa akiwa amefumba macho. Kwenye wano, chini kidogo ya manyoya, kila mshale ulikuwa na sehemu iliyobonyea. Siku zote nilidhani ni meno ya panya.

"Hapa palikuwa na alama," mzee akasema. "Imekwanguliwa."

Kila mwindaji alikuwa na alama yake, akaniambia, mikato michache ya kisu ambayo watu wa nyumba yake na ukoo wake waliijua. Mnyama mwenye sumu anaweza kukimbia mbali kabla ya kuanguka. Akipatikana na watu wengine, mshale ndio unaosema ni wa nani, na pembe zinamfuata mwenye alama. Ilikuwa sahihi yako na cheti chako cha umiliki. Wanaume waligombana kuhusu mambo mengi lakini hawakubishana na alama.

Askari wa mbuga walipogundua hilo, kazi yao ikawa rahisi. Mshale uliokutwa kwenye mzoga ulikuwa ushahidi uliokuja na jina. Ulichohitaji ni mtu wa kuusoma, na mtu wa kuusoma hakosekani akishabanwa. Kile kitu kilichowekwa ili watu wasiibiane kikawa ndicho kinachowapeleka jela. Na mahali fulani kusini mwa Kitui, kijana wa miaka ishirini na kitu akakaa chini na kisu, akakwangua alama ya nyumba yao kwenye kila mshale aliokuwa nao. Halafu akaja Nairobi kutafuta kazi ya usoja.

Babu alituambia maisha yake yote kwamba hakuwahi kuwinda chochote zaidi ya dikidiki.

Sijui niseme nini kuhusu ndovu. Ninawapenda. Nimelipa kiingilio cha mbuga kuwaona na nimelia nikitazama video za watoto wao mayatima. Mshale wa sumu si kifo kizuri, hasa uliopigwa vibaya. Mnyama anaweza kutembea na jeraha hadi aoze. Na pembe zilizouzwa pwani hazikuwa chakula cha mtoto yeyote. Anayesema wazee walikuwa wahifadhi watakatifu anatuuzia upinde wa ukuta, uliopakwa rangi.

Lakini fuata hesabu hadi mwisho. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki mwa mbuga, ukiongozwa mwanzoni na Ian Parker. Wazo lilikuwa kwamba Waata wawinde kihalali, kwa idadi iliyopangwa, na mapato yarudi kwao. Haukudumu; baada ya miaka michache ulikufa na ardhi ikageuka ranchi. Ndani ya mbuga ndovu waliongezeka hadi wakaanza kuangusha miti. Mwanasayansi Richard Laws alishauri wapunguzwe kwa risasi, Sheldrick akapinga. Ukame wa 1970 na 1971 ukaamua kesi yao: maelfu ya ndovu walikufa kwa njaa, wengi wao majike na watoto.

Halafu zikaja bunduki. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989, Rais Moi alipowasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Uwindaji wote ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1977. Upinde ulikuwa umenyang'anywa miaka ishirini kabla ya hapo. Waliomaliza ndovu hawakuchagua mti wa mkone wala hawakujikuna mkono kujaribu sumu. Walikuwa na silaha za kivita, malori, na wanunuzi waliovaa suti. Na hao hawakuacha alama kwenye risasi.

Leo, chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, hata kuwinda kwa ajili ya sufuria yako ni kosa. Waata wengi wanaishi kandokando ya mbuga iliyokuwa kwao, wakilima katika nchi isiyotaka kulimwa, na ndovu wakivuka usiku kula mahindi hawana ruhusa ya kuwagusa. Upinde umebakiwa na kazi chache zinazoruhusiwa: kulinda godauni la mtu mwingine, kupamba ukuta wa mtalii, au mchezo. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi hakuwa mkimbiaji. Alikuwa mpiga mishale, Shehzana Anwar. Nilipomwonyesha mzee picha kwenye simu yangu aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyoniona nikifanya, akauliza upote wake ni wa nini. Sikuwa na jibu.

Siku ya pili Mutomo nilipewa nafasi ya kuvuta. Ulikuwa upinde wa kawaida, wala si wa ndovu. Niliufikisha nusu, mikono ikaanza kutetemeka, mjukuu wa mzee mwenye miaka kumi na miwili akaangalia pembeni kwa adabu asicheke. Halafu akauchukua akauvuta hadi sikioni.

"Sikuuzii huu," mzee akasema. "Nikikuuzia utautundika, na utakufa kama ule wa babu yako. Upinde usiovutwa unaliwa."

Alichoniuzia ni fito bichi la mkone, urefu wangu hasa, lisilo na kifundo, kwa shilingi mia tano. Akaniambia nilikaushe juu ya moshi hadi mvua za Novemba zipite, kisha nilirudishe anifundishe kulichonga. Nikamwambia naishi Umoja, chumba kimoja, napikia gesi. Akafikiri. Akasema hata jirani wa kuchoma mahindi si mbaya.

Nikiwa naondoka aliniita tena. "Utakapolimaliza utahitaji mishale. Alama yenu ni ipi, niwawekee?"

Nilimpigia susu simu pale pale, tukiwa tumesimama chini ya mwembe. Shangazi akampelekea simu sikioni. Nikamsalimia, nikamweleza niko Mutomo, nikamwuliza babu alikuwa akiweka alama gani kwenye mishale yake. Susu ana zaidi ya miaka themanini na husahau mambo, wakati mwingine hata jina langu. Kwa muda nilisikia tu redio ya shangazi kwa nyuma.

Kisha akashusha sauti. "Ni nani anauliza?"

"Ni mimi, susu. Ni mimi tu."

"Uko na nani hapo?"

Nikamtazama mzee. Alikuwa amesikia, sauti ya simu yangu iko juu siku zote. Hakuuliza tena. Alichukua mishale ya babu, akairudisha kwenye podo mmoja mmoja, manyoya yakiangalia juu, akanikabidhi.

Fito liko juu ya kibanda cha mama wa mahindi pale steji, limefungwa kwa waya chini ya mabati. Ninamlipa hamsini kwa wiki. Wateja wakimwuliza ni la nini, anawaambia ni la kijana fulani, anangoja likauke.